Mbebaji wa Njia ya Tano

Katika raundi ya tatu ya nusu fainali, Bupe Mwaisumo alihisi kitu ambacho hakikupaswa kuwepo.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake chini ya bwawa la Iringa, katika chumba kisicho na dirisha, macho ameyafumba. Juu yake, upande wa pili wa zege, wanawake wanane walikuwa wakishindana mita mia mbili, raundi nne za bwawa, kwa mtindo wa kipepeo. Hakuwaona wala hakuwasikia. Alimhisi mmoja tu, yule wa njia ya tano. Kila Nasikiwa Mrutu aliporusha mikono yote miwili mbele, mabega ya Bupe yaliwaka moto. Kila alipopiga teke, mapaja ya Bupe yalikaza hadi akasaga meno. Hayo alikwishayazoea. Kwa miaka mitatu alikuwa mbebaji wa binti huyo, na maumivu yake aliyajua kwa zamu zake: kwanza mabega, kisha kiuno, kisha mapaja, na mwisho mapafu yanayolilia hewa. Yote yalishuka kwake kupitia utando mwembamba uliobandikwa kisogoni. Nasikiwa mwenyewe, kule juu, aliogelea bila kuumwa popote.

Pigo la kumi na moja, kitu kikachanika.

Kilikuwa ndani kabisa, nyuma ya kifua, katikati ya mabega. Kilikwenda taratibu, kama mtu anayechana shuka kuukuu uzi baada ya uzi. Bupe alifumbua macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebana kishikio cha daraja, mashine iliyowaunganisha, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu vidole vilitaka kufunguka vyenyewe.

Kishikio kilikuwa na kazi moja. Ukikibana, daraja liko wazi na maumivu yanakuja kwako. Ukikiachia, linajifunga na maumivu yanarudi kwa mwenyewe. Mafundi walilitengeneza hivyo kusudi mbebaji akizimia, mkono ulegee na mashine ijizime.

Bupe akabana. Akabana mpaka pigo la mwisho, mpaka viganja vyake vikasikia ule mwasho wa ukuta, kisha mwili mzima ukalegea.

"Wa pili!" Kalunde, fundi wa daraja, alikuwa tayari anambandua utando. "Tumeingia fainali, dada! Wa pili!" Akamtazama usoni, sauti ikashuka. "Vipi?"

"Kuna kitu kifuani mwake," alisema Bupe.

*

Daktari Fumbuka alimpima Nasikiwa moyo mara mbili. Akaangalia karatasi, akaangalia tena, akampa Kocha Shekilindi.

"Moyo unapiga vizuri. Presha ya kawaida. Binti anasema hasikii lolote."

"Ndiyo maana yuko mbebaji," Bupe alijibu. "Asikie nini wakati nasikia mimi?"

Walikuwa watatu tu katika ofisi ya daktari. Kocha Shekilindi, mzee wa miaka sitini na ushee, alikuwa amesimama mlangoni na kofia ya Timu ya Maziwa Makuu mkononi. Ndiye aliyempata Nasikiwa, binti akiwa na miaka kumi na mmoja, anaogelea kwenye bwawa la kumwagilia mkonge. Alimfundisha yeye mwenyewe kupumua.

"Nieleze tena," alisema.

Bupe akaeleza. Daktari alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, bila ukali, "Umebeba miaka mingapi jumla?"

"Kumi na miwili. Mitano hospitali, saba michezoni."

Hospitali ndiko daraja lilikoanzia. Lilitengenezwa kwa ajili ya wodi za wazazi, dada ambebee dada yake, mume ambebee mkewe, na sheria haikuruhusu mtu kubeba zaidi ya dakika ishirini kwa siku. Bupe alikuwa muuguzi msaidizi wakati huo, akiwabebea wanawake waliokuja peke yao. Kisha makocha wakagundua kwamba mwili usioumwa unakwenda mbali zaidi. Hakuna dawa iliyotumika, hakuna damu iliyochezewa, na wakubwa wa michezo wakakosa cha kukataza. Hakuna aliyeweka kikomo cha dakika.

"Miaka kumi na miwili ni mingi," daktari alisema. "Unajua habari ya mwangwi, dada Bupe. Mishipa ya mbebaji inachoka, inaanza kutunga maumivu yake yenyewe. Nimewaona wabebaji wanaoumwa na mguu ambao mwogeleaji wao ameshakatwa."

"Huu si mwangwi."

"Hata wakati wa Akoth ulisema hivyo," Kocha alisema kwa sauti ya chini.

Akoth alikuwa mwogeleaji wa kwanza wa Bupe. Katika mashindano ya bara, miaka minne iliyopita, Bupe alihisi bega la Akoth likikatika, akaogopa, akaachia. Maumivu yalimrudia Akoth katikati ya bwawa kwa mara moja, kama mtu aliyepigwa rungu. Akameza maji, akazama, akatolewa na waokoaji mbele ya uwanja mzima. Walipompima bega hawakukuta chochote ila msuli uliokaza. Akoth hakumsemesha tena mpaka leo.

"Kuna kipimo kingine," Bupe alisema. "Ile picha ya mishipa."

"Ipo," daktari akakubali. "Lakini dawa tunayomchoma mtu kabla ya picha iko kwenye orodha ya zilizokatazwa. Nikimchoma leo, kesho haogelei. Na siwezi kumchoma bila ridhaa yake."

"Mwulizeni."

"Nimeshamwuliza. Amekataa."

Kocha akaigeuza kofia mikononi. "Bupe, mimi siyo mtu wa kumwua mtoto wangu. Ungeniletea hata alama moja kwenye karatasi, ningemtoa. Lakini karatasi ni safi. Nikimtoa kwenye fainali ya kwanza ya maisha yake kwa neno lako, halafu ikawa kama Akoth, nitamwambia nini?" Akaacha kuigeuza kofia. "Kama unaogopa, sema. Tutamweka mbebaji wa akiba. Hakuna atakayekulaumu."

Bupe alimjua huyo wa akiba. Mwanamke mwenye nguvu, mvumilivu, aliyefanya mazoezi na Nasikiwa mara nne tu. Huyo angebana mpaka mwisho. Asingejua maumivu ya raundi ya tatu yanatofautianaje na ya raundi ya nne. Hata ukuta asingejua uko wapi.

"Siogopi," alisema. Ulikuwa uongo mtupu.

*

Alimkuta Nasikiwa chumbani kwake kambini, amekaa sakafuni anajinyoosha, miguu imefika karibu na ukuta wa pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mrefu kuliko wenzake wote, vidole vyembamba virefu ambavyo wenziwe walimtania kwamba vingefaa kuchumia mapapai.

"Karibu, da Bupe. Kocha ameshaniambia."

"Amekuambia nini?"

"Kwamba umechoka. Kwamba baada ya michezo hii utapumzishwa." Alisema bila kumwangalia.

Bupe akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nasi, mara ya mwisho kuumwa ukiwa majini ilikuwa lini?"

Binti akafikiri. "Kabla yako. Nilikuwa na kumi na sita."

"Basi hujui mwili wako ukoje majini siku hizi. Wewe unaujua wa nchi kavu. Wa majini naujua mimi."

"Lakini ni mwili wangu."

"Na maumivu ni yangu."

Wakatazamana. Nje, watu wa timu nyingine walikuwa wakicheka kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeijua. Nasikiwa akakunja miguu, akaikumbatia.

"Sikiliza, dada. Mama yangu anafika kesho kutoka Same. Hajawahi kuniona kwenye bwawa kubwa. Nimeogelea miaka minane kwa ajili ya dakika mbili za kesho. Kama kuna kitu kifuani mwangu, kimekuwepo jana na juzi, kitakuwepo na keshokutwa. Keshokutwa nitachomwa hiyo dawa, nitapigwa hiyo picha. Naapa. Nipe kesho tu."

"Na kama hakisubiri?"

"Basi ni mimi." Akainua kidevu kutoka magotini. "Mimi ndiye nitakayekufa, siyo wewe. Si nina haki ya kuchagua?"

Swali hilo Bupe alikuwa ameshajiuliza tangu alipotoka kwenye ofisi ya daktari, na kila upande aliougeukia ulikuwa na ukweli wake. Alichokijua ni kwamba mtu anayechagua bila kuumwa ni kama anayenunua kitu amefumbwa macho. Alijaribu kulisema hilo, likamtoka vibaya.

"Unachagua kitu ambacho hujakionja."

"Usinitishe, dada."

"Nimekutisha?"

"Ndiyo," Nasikiwa alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mtoto. "Na siwezi kuogelea nikiwa na hofu. Niahidi hutaniachia. Kama ulivyomfanyia yule. Niahidi."

"Nakuahidi," Bupe alisema, huku hajui kama anadanganya.

*

Fainali ilipangwa saa kumi alasiri. Saa tisa na nusu Bupe alikuwa kitini. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Kalunde alimfuta kisogo kwa pamba, akambandika utando, akamfunga mkanda wa kupimia moyo kifuani.

"Mia moja na kumi, na hujaanza," alisema. "Dada, tulia."

"Nimetulia."

Alikuwa anapiga hesabu. Akiachia kabla ya filimbi, wangemwita wa akiba na mbio zingeendelea. Akiachia katikati ya bwawa, yangekuwa yale ya Akoth, na safari hii mzigo ni mkubwa mara kumi. Uso wa Nasikiwa ungekuwa ndani ya maji, mikono angani, hana cha kushika. Palikuwa na sehemu tatu tu ambapo mikono ya binti huyo ingegusa kitu kigumu kabla ya mwisho: ukuta wa mita hamsini, ukuta wa mia, ukuta wa mia na hamsini. Mapigo kumi na nane raundi ya kwanza. Kumi na tisa ya pili. Ishirini ya tatu. Kama kile kitu kingekuja, angekibeba mpaka ukutani. Kama kisingekuja, angetimiza ahadi yake na kumshukuru Mungu.

Chumba hakikuwa na skrini. Waliiondoa kwa sababu wabebaji walianza kushtuka kabla ya maumivu kufika. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango.

"Wamepanda," Kalunde alinong'ona.

Bupe akabana kishikio.

Alijua wameruka pale vidole vya miguu vilipouma kwa kusukuma jukwaa. Kisha kimya cha chini ya maji, mateke, na pigo la kwanza. Mabega yakapata joto. Pigo la tano, la tisa, la kumi na tatu. Maumivu mazuri, kama angeweza kuyaita hivyo. Mwili mzima, wenye afya, unaofanya kazi. La kumi na nane. Viganja viwili vikawasha kwa pamoja. Ukuta.

Hamna kitu, alijiambia. Ni mwangwi. Mimi ndiye mgonjwa. Alitamani iwe hivyo kuliko alivyowahi kutamani jambo lolote.

Raundi ya pili moto ukashuka kiunoni. Pigo la saba. La nane. Kwenye la kumi na mbili uzi wa kwanza ukakatika.

Kilikuja mapema kuliko jana. Nusu fainali kilisubiri raundi ya tatu. Bupe akatoa sauti. Kalunde akageuka.

"Dada?"

Bupe alihesabu. La kumi na tano, kinachanika. La kumi na saba, kimesimama. Bado kidogo. Alijiambia ataachia kwenye ukuta huu wa mia. Ukuta ukafika, viganja vikawasha, na vidole vyake havikufunguka. Kwa sababu kilikuwa kimesimama. Kwa sababu pengine ni mwangwi kweli. Kwa sababu alimwona Akoth anatolewa majini mdomo wazi, na alimwona Nasikiwa amekumbatia magoti yake anasema niahidi. Ilichukua muda mdogo kuliko kupepesa jicho, na ukuta ukawa umeshapita, na Nasikiwa alikuwa amesukuma miguu kuelekea raundi ya tatu, na hapo kitu kile kikafunguka chote.

Bupe alidhani amepiga kelele. Hakuwa amepiga; hapakuwa na hewa. Kilianzia nyuma ya kifua, kikapasua kwenda juu shingoni na chini mgongoni kwa wakati mmoja, na kila pigo la moyo lilisukuma upasukaji ule mbele zaidi. Alikuwa amewabebea wanawake mia mbili waliokuwa wanazaa. Hapakuwa na kitu kama hiki. Na hofu ilikuja nayo, hofu ya mwili wenyewe, ile ya mnyama anayejua anakufa. Daraja halikuwa na uwezo wa kubeba hofu. Hiyo ilikuwa ya Bupe mwenyewe.

Nne. Tano.

"Mia na tisini!" Kalunde alikuwa amesimama. "Moyo wako mia na tisini, dada! Achia!"

Sita.

"Achia, utakufa!" Mkono wa fundi ukaenda kwenye swichi ya ukutani.

"Usiguse!" Sauti haikuwa ya Bupe, ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Yuko katikati! Ukizima hapa anazama!"

Mkono ukabaki hewani.

Nane. Tisa. Alikuwa ameuma mdomo, damu ikamjaa kinywani. Yule binti alikuwa kule juu, anaruka juu ya maji kama kawaida yake, hajui. Huenda alikuwa anaongoza. Huenda mama yake alikuwa amesimama kwenye kiti anapiga vigelegele. Kumi na moja. Kuona kukaanza kufifia kwenye kingo. Bupe alielewa kwamba akizimia sasa mkono utalegea wenyewe, na Nasikiwa atapokea mzigo huu wote uso wake ukiwa majini. Akaleta mkono wa kushoto juu ya wa kulia, akabana kwa yote miwili. Kumi na nne. Kumi na tano.

"Hesabu na mimi," alimwambia Kalunde.

"Nini?"

"Hesabu! Nitapotea! Kumi na sita!"

"Kumi na saba," Kalunde alisema huku analia, ingawa hakujua anahesabu nini, akifuata tu kichwa cha Bupe kilivyokuwa kikitikisika. "Kumi na nane. Kumi na tisa."

Ishirini. Hakuna ukuta. Binti amechoka, mapigo yamekuwa mafupi. Ishirini na moja.

Viganja viwili vikawasha.

Bupe akaachia.

*

Ukimya ulioingia mwilini mwake ulimtisha kuliko yote yaliyotangulia. Hakuumwa popote ila mdomo. Kwa dakika moja na nusu alikuwa amejua kila kitu kinachoendelea ndani ya Nasikiwa, na sasa hakujua hata kama yupo.

Akang'oa utando, akang'oa mkanda, akakimbia. Ngazi zilikuwa arobaini na mbili. Alipofungua mlango wa juu, kelele za watu elfu kumi na mbili zilimpiga usoni. Wote walikuwa wamesimama, wote wanatazama upande wa kumalizia, ambako mikono ya wanawake saba ilikuwa ikipanda na kushuka.

Upande huu, njia ya tano, Nasikiwa alikuwa ameshika ukuta.

Mwamuzi wa ukuta, mama mwenye sare nyeupe, alikuwa amepiga magoti mbele yake. "Unaendelea?" alikuwa akiuliza. "Binti, unaendelea?"

"Mtoe!" Bupe alipiga kelele.

"Nikimgusa anaondolewa kwenye mashindano, hatakuwa na—"

Bupe akaruka na nguo zake na viatu vyake. Maji yalikuwa baridi, baridi ya Iringa hata chini ya paa. Akaibuka kando ya Nasikiwa, akampitishia mkono chini ya kwapa. Uso wa binti ulikuwa umebadilika rangi, midomo ya majivu. Macho yake yalikuwa wazi, makubwa, yanamtafuta mtu.

"Da Bupe," alisema. "Ni nini hiki?"

"Usiseme. Usijikaze. Lala, nimekushika."

"Ni nini hiki?"

Mwamuzi alikuwa ameshapuliza filimbi. Waokoaji wawili wakashuka. Walipomlaza kwenye ubao, upande wa pili wa bwawa uwanja ulilipuka kwa shangwe kwa ajili ya mtu mwingine.

*

Upasuaji ulichukua saa saba. Daktari wa mishipa alitoka mara moja kuwaambia kwamba mshipa mkubwa unaotoka moyoni ulikuwa umechanika ndani, kwamba ukuta wake ulikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, kwamba kama angesukuma miguu na kuogelea hizo mita hamsini za mwisho wangemtoa majini maiti. Akarudi ndani. Hakuwaambia kama atapona.

Mama yake Nasikiwa alikuwa ameketi benchi la mkabala, bado amevaa kitambaa cha rangi za timu shingoni. Baada ya muda mrefu aliinuka, akaja, akasimama mbele ya Bupe.

"Ndiwe uliyekuwa unambebea mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Ilimwuma sana?"

Bupe alitaka kusema uongo. Akashindwa. "Sana, mama."

Mama yule akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye benchi lake, akajifunika uso kwa kile kitambaa.

Kocha Shekilindi alikuja jioni na fomu ya kamati. Alikuwa amezeeka kwa siku moja. Akaketi pembeni ya Bupe, fomu juu ya goti.

"Wanataka kujua daraja lilikatikaje," alisema. "Kuna sehemu mbili za kujaza. Mbebaji alizimia, au mbebaji aliachia." Akaigusa fomu kwa kidole. "Ukiandika ulizimia, mambo yanaishia hapo. Unabaki na leseni yako. Ukiandika uliachia, watauliza kwa nini, na itabidi useme kwamba uliniambia jana."

"Nilikuambia jana, Kocha."

"Najua. Najua, Bupe."

Hakumshurutisha. Aliiacha fomu kwenye kiti, akatoka nje akiwa amesahau kofia yake. Bupe akaandika: Niliachia kwa makusudi, kwenye ukuta wa mita mia moja na hamsini. Akafikiri, akaongeza: Nilipaswa kuachia kwenye ukuta wa mia. Niliogopa. Leseni yake ilifutwa kabla ya michezo kufungwa, na Kocha akajiuzulu wiki hiyo hiyo. Kuhusu daraja lenyewe kamati iliahidi kukaa na kulijadili.

*

Siku ya nne walimruhusu kuingia. Nasikiwa alikuwa amelala chali, mirija imemzunguka, bandeji kutoka kooni hadi tumboni. Alionekana mfupi. Bupe akasimama mguuni mwa kitanda, hakuthubutu kusogea.

"Uliahidi," binti alisema. Sauti ilikuwa kama ya karatasi.

"Niliahidi."

"Wote wanakuja hapa wananiambia nikushukuru. Daktari, mama, yule mwamuzi. Sitaki kukushukuru."

"Sijaja kwa ajili hiyo."

Nasikiwa akatazama dari. Alipoendelea alikuwa anapumua katikati ya maneno. "Wanadhani wewe ndiye uliyenisimamisha. Si kweli. Yaliponipata, nilikuwa tayari nimekunja miguu ukutani. Nilitaka kusukuma. Nilijiambia moja tu, raundi moja tu, hata kama ni hivi. Ningeweza, dada. Miguu ilikuwa na nguvu." Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, hakuweza kuinua mkono ayafute. "Nikaogopa. Basi. Niliogopa nikashika ukuta. Mimi mwenyewe."

"Ndiyo," Bupe alisema.

"Usimwambie mtu."

"Sitamwambia."

Mashine ya kupimia moyo iliendelea kuhesabu. Baada ya muda Nasikiwa aliuliza, "Nani alishinda?"

Bupe akafungua mdomo, akagundua kwamba hajui. Katika siku nne zote hakumwuliza mtu, na hakuna aliyemwambia. "Sijui. Sikuangalia."

"Hata mimi sijui." Kitu kama kicheko kikamjia Nasikiwa, kikamwuma, uso ukajikunja. Akafumba macho, akang'ata meno, vidole virefu vikakamata shuka.

Bupe alipiga hatua moja, kisha akasimama. Alijisikiliza mabega, kifua, mgongo. Hapakuwa na kitu. Mwili ule ulikuwa unaumwa hatua mbili kutoka kwake, na hakujua ni wapi wala ni kiasi gani.

"Inauma wapi?" akauliza.

Nasikiwa alikaa kimya mpaka maumivu yakapungua. Kisha, kidogo kidogo, akaanza kumweleza.